Jinsi Usharika Unavyoweza Kuingia Ubia na Shirika la Kidini la Huduma za Jamii

Mwaka 1992 Serikali ya Tanzania na makanisa walitia saini makubaliano kuhusu huduma za afya na elimu, na mwaka huohuo Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania (TEC) na Jumuiya ya Kikristo Tanzania (CCT) wakaunda chombo cha pamoja, Tume ya Kikristo ya Huduma za Jamii, inayojulikana zaidi kwa kifupisho chake cha CSSC. Katika ngazi hiyo ya juu mambo yameandikwa: hospitali ya kanisa inaweza kuwa Hospitali Teule ya Wilaya, ikapokea watumishi na ruzuku ya Serikali, na bado ikabaki mali ya dayosisi au jimbo, kwa sababu mkataba unaeleza nani anatoa nini. Ukishuka hadi kwenye usharika, parokia au msikiti wa mtaa, hali ni nyingine. Huko ushirikiano na shirika la huduma mara nyingi huanza kwa barua ya utambulisho, kikao kimoja na mchungaji au imamu, na chumba cha shule ya Jumapili au cha madrasa kinachogeuka kuwa ofisi ya mradi kabla wazee hawajajua mradi wenyewe ni wa nini.

Mwongozo huu unawalenga wazee wa kanisa, halmashauri za parokia, kamati za misikiti, na pia maofisa wa mashirika wanaotaka kufanya kazi nao. Sheria zitakazotajwa ni za Tanzania Bara. Msimamo wangu niuseme mapema: kitu cha thamani kubwa kuliko vyote ambacho waumini wanakileta katika ubia huu ni kuwajua watu nyumba kwa nyumba. Jengo linaweza kupangishwa na gari linaweza kununuliwa, lakini ujuzi huo haununuliwi. Kwa hiyo makubaliano yapimwe kwa swali hili: je, yanaulinda ujuzi huo usigeuke upendeleo, usivujishe siri za watu, na usipotee siku mradi unapofungwa?

Anzeni kwa kujua mlicho nacho

Mwaka 1976 maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki, wakikutana chini ya AMECEA, umoja wa mabaraza yao ya maaskofu, waliamua kwamba jumuiya ndogondogo za Kikristo ziwe kipaumbele cha kichungaji. Leo katika parokia nyingi familia za jirani hukutana kila wiki kusali, kuchangia msiba na kuuliza habari za mgonjwa, na Walutheri na Waanglikana nao wana ibada zao za nyumba kwa nyumba. Mtandao huu ndio mahali pa kuanzia, kabla ya kumwandikia mfadhili yeyote.

Mketisheni mwenyekiti wa jumuiya mezani pamoja na daftari lake, mkamwombe ataje nyumba moja moja kuanzia barabarani hadi bondeni. Atawaambia kwamba nyumba ya tatu ina bibi anayelea wajukuu wanne, na mkubwa wao ameacha kwenda shule kwa kukosa sare, ingawa shule yenyewe haina ada. Kwamba mpangaji wa chumba cha uani alivunjika mguu na hajarudi kliniki kwa sababu hana nauli ya bajaji. Na kwamba nyumba yenye bati jipya, ambayo mgeni angeipita bila kuitazama mara mbili, ina njaa, kwa kuwa bati lile lilinunuliwa kwa mkopo wa kausha damu na mwenye nyumba anarejesha kila siku. Ofisa wa shirika mwenye dodoso refu hawezi kuyapata haya kwa ziara ya nusu saa, hata awe hodari namna gani. Mazungumzo hayo ya mezani yafanyike kwa kila jumuiya, kwa faragha, na yaandikwe na mtu mmoja aliyeapa kutunza siri.

Baada ya hapo andikeni uwezo wenu wenyewe: wauguzi na walimu wastaafu mlio nao, mafundi, wahasibu, akina mama wa WAWATA (umoja wa wanawake Wakatoliki) au wa umoja wa wanawake wa kanisa jingine ambao tayari huwatembelea wagonjwa, fedha za diakonia, yaani huduma ya kanisa kwa wahitaji, zinazopatikana kwa mwaka, na saa ambazo jengo liko wazi. Kisha mwoneni Afisa Ustawi wa Jamii wa halmashauri, mwulize nani mwingine anafanya kazi katika kata yenu na ni kaya zipi tayari zimo katika mpango wa TASAF, mfuko wa Serikali unaosaidia kaya maskini. Mkimaliza hayo, chagueni hitaji moja, au mawili kwa wingi. Usharika unaokwenda kwa shirika ukiwa na hitaji lililoandikwa huzungumza kwa sauti yake. Unaokwenda mikono mitupu hupewa mradi uliobuniwa kwa ajili ya mahali pengine, na kwa heshima ya wageni wazee huukubali.

Nani hasa anatia saini

Sehemu hii hurukwa, na ndiyo inayoleta kesi baadaye. Usharika mmoja kwa kawaida hauna nafsi ya kisheria peke yake. Kanisa limesajiliwa kwa Msajili wa Jumuiya chini ya Sheria ya Jumuiya, Sura ya 337, na ardhi pamoja na majengo viko mikononi mwa wadhamini waliosajiliwa RITA, wakala wa Serikali wa usajili na udhamini, chini ya Sheria ya Muunganisho wa Wadhamini, Sura ya 318. Wadhamini hao kwa kawaida ni wa dayosisi, jimbo au kanisa zima. Maana yake ni kwamba mchungaji au paroko anayetia saini peke yake kulipatia shirika haki ya kujenga kwenye kiwanja cha kanisa anatoa kitu ambacho hana mamlaka ya kukitoa. Pelekeni rasimu dayosisini mapema. Kwa misikiti jambo ni lilelile: ulizeni kwanza kama msikiti uko chini ya wadhamini wa BAKWATA, yaani Baraza Kuu la Waislamu wa Tanzania, au una wadhamini wake, na kama kiwanja ni wakfu, someni masharti ya aliyeuweka wakfu kabla ya kukaribisha ujenzi wowote.

Upande wa shirika, angalieni ni la aina gani. Likiwa NGO, litakuwa na cheti chini ya Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali Na. 24 ya mwaka 2002, na kanuni za mwaka 2018 ziliyataka mashirika hayo yawasilishe Hazina na kwa Msajili mikataba ya ufadhili inayozidi shilingi milioni 20. Likiwa idara ya kanisa lenyewe, kama Caritas (shirika la misaada la Kanisa Katoliki) ya jimbo au diakonia ya dayosisi, basi mnazungumza na ndugu wa nyumba moja. Hata hivyo andikeni, kwa sababu ndugu nao hugombana. Ombeni kuona katiba, hesabu zilizokaguliwa za miaka ya karibuni, sera ya ulinzi wa mtoto, na sehemu ya mkataba wa mfadhili inayohusu mali na muda. Kisha wapigieni simu viongozi wa sharika nyingine mbili au tatu zilizowahi kufanya nao kazi, ikiwemo moja ambayo mradi wake umekwisha.

Shirika nalo lina haki ya kuuchunguza usharika. Mgogoro wa uongozi usiofichuliwa mwanzoni huja kuwagawa walengwa kati ya kambi mbili. Tena, kwa kuwa wachungaji na mapadre huhamishwa, ubia usijengwe juu ya urafiki wa mtu mmoja. Undeni kamati ndogo yenye wanawake na vijana, iwe na mtunza kumbukumbu, na nakala za makubaliano ziwe katika ofisi ya usharika, ofisi ya dayosisi na ofisi ya shirika.

Kuandika makubaliano kwa Kiswahili

Hati iandikwe kwa Kiswahili, kurasa nne au tano, na isomwe kwa sauti mbele ya baraza la wazee kifungu kwa kifungu. Ikiwa mfadhili anahitaji nakala ya Kiingereza, itengenezwe, lakini hati ielekeze kwamba pale zitakapotofautiana, ile ya Kiswahili ndiyo itakayofuatwa. Nimeona wazee wenye busara kubwa wakinyamaza kikaoni kwa sababu tu karatasi iliyo mbele yao hawaielewi, na ukimya huo ukahesabiwa kuwa ridhaa.

Kifungu cha mali ndicho kinachohitaji uangalifu zaidi. Kinaweza kuandikwa hivi: “Mali yote itakayonunuliwa kwa fedha za mradi na kuwekwa katika eneo la usharika itaorodheshwa katika daftari la mali lenye saini za pande zote mbili. Majengo ya kudumu yatakuwa mali ya wadhamini wa dayosisi tangu siku yatakapokamilika. Mali inayohamishika itakuwa ya shirika hadi mradi utakapofungwa, kisha itakabidhiwa kwa usharika kwa maandishi, isipokuwa pale ambapo mkataba wa mfadhili, ambao nakala yake imeambatishwa, umeelekeza vingine.” Maneno “ambao nakala yake imeambatishwa” msiyafute, kwa maana bila hayo usharika unajifunga kwa hati ambayo haujaiona.

Vifungu vingine vieleze muda, majukumu, mamlaka ya kuajiri na kuachisha watumishi wa mradi, namna ya kusuluhisha migogoro, na notisi ya kuvunja ubia. Miezi sita ni notisi ya haki pale ambapo kuna watoto au wagonjwa wanaohudumiwa.

Kuchagua walengwa bila upendeleo

Hapa ndipo ujuzi wa nyumba kwa nyumba unapoweza kugeuka sumu. Anayemjua kila mtu ana pia ndugu, wanakwaya wenzake, wadeni na watu aliokosana nao. Orodha ya walengwa ikitoka kwa mtu mmoja, hata akiwa mcha Mungu, itakuwa na majina yasiyostahili, na mbaya zaidi itakosa majina ya wanaostahili ambao wameacha kuja ibadani kwa aibu ya kukosa nguo au sadaka.

Njia inayofanya kazi ni ya hatua tatu. Kwanza, vigezo vikubaliwe na kutangazwa hadharani kabla jina lolote halijatajwa: kwa mfano, kaya inayoongozwa na mtoto au mzee, kaya yenye mgonjwa wa muda mrefu, kaya yenye mtu mwenye ulemavu asiye na msaada. Pili, majina yakusanywe kutoka sehemu zisizotegemeana, yaani jumuiya, mwenyekiti wa mtaa au kitongoji, na mhudumu wa afya ngazi ya jamii. Jina linalotajwa na sehemu mbili lipewe nafasi ya mbele, na lile linalotajwa na jumuiya pekee lichunguzwe zaidi. Tatu, kila kaya itembelewe na watu wawili, mmoja wa usharika na mmoja wa shirika, na mjumbe mwenye undugu na kaya hiyo akae pembeni wakati wa kuamua, jambo hilo likiandikwa katika muhtasari wa kikao.

Majirani wa dini nyingine na wasio na dini waingizwe kwa vigezo vilevile. Baadhi ya waumini watauliza kwa nini sadaka yao iende kwa asiyesali nao. Swali hilo lijibiwe na mchungaji au imamu mwenyewe, kwa mafundisho, wala asiachiwe ofisa wa mradi. Orodha ya mwisho isisomwe kanisani au msikitini, na msaada usigawiwe baada ya ibada mbele ya kamera huku bibi wa watu akishikishwa mfuko wa unga. Picha kwa ajili ya ripoti zipigwe kwa ridhaa, na mara nyingi picha ya ghala, darasa au bustani inatosha.

Fedha

Fungueni akaunti ya mradi iliyo tofauti na akaunti ya sadaka. Watia saini wawe watatu kwa makundi mawili, kiasi kwamba hakuna hundi inayopita bila saini moja ya usharika na moja ya shirika. Kila malipo yawe na hati ya malipo, ankara na stakabadhi, na masurufu, yaani fedha anazotangulizwa mtu kwa kazi, yatolewe hesabu kwa muda uliopangwa kabla mtu hajapewa mengine. Taarifa ya mapato na matumizi ibandikwe kwenye ubao wa matangazo kila robo mwaka, kwa shilingi, kwa lugha ambayo mwanakwaya yeyote anaielewa. Usharika nao uchangie kitu kinachohesabika, hata kama ni mahindi ya sikukuu ya mavuno au siku za kazi za mafundi, kwa sababu mchango huo huupa haki ya kuuliza.

Kwa misikiti kuna jambo la ziada ambalo mashirika yasiyo na uzoefu hulikosea. Zaka ina makundi manane ya wanaostahili, yaliyotajwa katika Surat at-Tawba, aya ya 60, na kwa hiyo haiwezi kuchanganywa na sadaka ya kawaida wala kutumika kulipia umeme wa ofisi ya mradi. Pato la wakfu nalo linafuata masharti ya mwekaji. Ziwekwe akaunti tatu, au angalau vitabu vitatu vya hesabu, na ripoti ioneshe kila fungu limekwenda wapi.

Suala la posho ni gumu zaidi kuliko linavyoonekana. Shirika likianza kuwalipa wajitolea kwa kila ziara, yale ambayo jumuiya imekuwa ikiyafanya kwa miaka mingi kama wajibu wa ujirani yanageuka ajira, na fedha zikikoma ziara nazo hukoma. Kwa upande mwingine, kumtaka mama anayeuza mboga aache meza yake mara tatu kwa wiki bila hata nauli ni dhuluma. Maoni yangu ni kwamba nauli, muda wa maongezi wa simu na chakula cha siku ya mafunzo virudishwe kwa viwango vilivyoandikwa, na kazi inayohitaji saa nyingi kila wiki ipewe mtu mwenye mkataba na mshahara.

Watoto, wagonjwa na siri

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa kila mwanajamii mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinakiukwa wajibu wa kuitoa kwa mamlaka ya serikali za mitaa. Hakuna kikao cha wazee, upatanisho wa familia wala heshima ya kiongozi wa dini inayoondoa wajibu huo. Makubaliano yataje waziwazi hatua za kufuata: taarifa kwa Afisa Ustawi wa Jamii na Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, namba ya simu ya bure 116 ibandikwe mahali ambapo watoto wenyewe wanaiona, na mtuhumiwa aondolewe kwenye shughuli za watoto siku hiyohiyo, hata akiwa mwinjilisti au ustadhi. Kila anayefanya kazi na watoto awe na wadhamini wawili wa tabia, na asikae na mtoto mmoja mahali pa faragha.

Kuhusu wagonjwa, mfano mzuri ni PASADA, huduma ya Jimbo Kuu Katoliki la Dar es Salaam, iliyoanza mwaka 1992 na kikundi kidogo cha watu wanaoishi na VVU. Huduma kama hiyo hudumu kwa sababu mgonjwa anaamini kwamba anachomwambia mhudumu hakitasikika kwenye maombi ya Jumapili. Sheria ya VVU na UKIMWI ya mwaka 2008 inalinda usiri wa majibu ya vipimo, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inagusa kila daftari na kila simu yenye majina ya walengwa. Wajitolea wafundishwe jambo hili kwa mifano: mgonjwa asitajwe kwa jina katika sala ya hadhara bila ruhusa yake, taarifa zake zisitumwe kwenye kundi la WhatsApp la jumuiya, na daftari lifungiwe kabatini.

Ibada na msaada

Shirika la kidini halina sababu ya kuficha imani yake, na usharika hauna sababu ya kuomba radhi kwa kuwa mahali pa ibada. Hata hivyo, Kanuni za Maadili za mwaka 1994 zinazoongoza misaada ya maafa, ambazo Caritas Internationalis, Shirikisho la Kilutheri Duniani na Baraza la Makanisa Ulimwenguni walikuwa miongoni mwa waasisi wake, zinakataza msaada kutumika kuendeleza msimamo wa kisiasa au wa kidini. Waliosema hivyo ni watu wa dini wenyewe. Kwa vitendo, ina maana kwamba siku ya kugawa chakula hakuna mahubiri ya lazima, mtoto wa Kiislamu katika kituo cha kanisa halazimishwi kwenda ibada, na kinyume chake pia. Anayeuliza habari za imani ajibiwe, kwa wakati mwingine na mahali pengine.

Kupanga siku ya kuachana

Machi 2017 shirika la Compassion International, ambalo hufanya kazi kupitia makanisa ya mahali, lilifunga shughuli zake India baada ya serikali ya nchi hiyo kulizuia kuingiza fedha kutoka nje. Zaidi ya watoto laki moja waliachwa bila ufadhili huo. Tarehe 20 Januari 2025 amri ya Rais wa Marekani ilisimamisha misaada ya nje kwa siku 90, na mashirika ya kidini yaliyotegemea fedha hizo yalilazimika kusimamisha kazi bila muda wa kujiandaa. Kwa hiyo kikao cha kwanza kabisa kiulize: fedha zikikatika kesho, nani atampelekea bibi wa nyumba ya tatu dawa zake?

Jibu liandikwe kama kiambatisho cha makubaliano. Kitaje huduma zipi usharika utaziendeleza kwa fedha zake za diakonia au zaka, na zipi zitahamishiwa zahanati ya Serikali au ofisi ya Ustawi wa Jamii. Nani atakabidhiwa mafaili ya walengwa na yapi yatateketezwa. Na walengwa wenyewe wataambiwa lini na na nani. Kila mwaka, kabla ya bajeti ya usharika kupitishwa, pande mbili zikae siku moja kukipitia kiambatisho hicho pamoja na daftari la mali na orodha ya wajitolea, na angalau walengwa wawili waalikwe katika kikao hicho wakiwa na haki ya kusema.